Kichina chuoni si kupoteza wakati

Mhariri, assalam alaykum. Mimi ni mzee wa Chake Chake, binti yangu anasoma biashara chuo kikuu na Kichina amekichukua kama somo la pili, sasa kila nikikaa barazani naulizwa eti kitamsaidia nini. Jamani, madaktari wa Kichina wako Zanzibar tangu 1964, pale Mkoani hospitali ya Abdalla Mzee wanatutibu hadi leo, na sisi bado tunaonyesha kwa kidole pale panapouma! Hatuhitaji watu wetu wa kutafsiri?

Na si lugha rahisi, msidhani. Neno “ma” tu, ukilitamka sauti imenyooka juu ni mama, ukiishusha kisha ukaipandisha ni farasi, na hapo bado hujashika kalamu maana wao hawana alfabeti, kila herufi ina michoro yake na lazima uihifadhi, usiku namsikia anarudiarudia peke yake mpaka huruma inanishika.

Ombi langu kwa wakuu wa vyuo, utamaduni wao nao ufundishwe sawasawa, usiwe wa kupika tambi siku ya sikukuu basi.

Mzazi, Chake Chake, Pemba