Bushi na shakeli za springi zisipuuzwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wamiliki wa magari ya utalii, pamoja na mafundi wanaoyahudumia, juu ya viungo vinavyoishika springi ya mabapa (vile vipande virefu vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine) kwenye chasisi. Kila springi inapokatika kati ya ukingo wa Ngorongoro na lango la Naabi, barabara ndiyo inayobebeshwa lawama zote. Barabara ile ni mbaya kweli, na mawimbi yake ya changarawe hayamhurumii mtu. Hata hivyo, mabapa mengi niliyoyaona yakishushwa katika gereji za hapa Arusha yalikatika jirani kabisa na sikio, yaani pale bapa la kwanza lilipokunjwa duara ili lipokee bushi, kile kipande cha mviringo, mara nyingi cha mpira, kinachokaa kati ya sikio na pini yake. Bapa likikatikia hapo, bushi ndiyo ya kuulizwa kwanza.

Land Rover ilianza kuachana na springi za mabapa katika magari yake ya kazi mwaka 1983 ilipotoa modeli ya One Ten. Toyota kwa upande wake, katika zile Land Cruiser ndefu za kazi za mfululizo wa 70, iliweka springi za koili mbele mwaka 1999, ila nyuma ikayaacha mabapa, na magari hayo ndiyo yanayobeba watalii wetu hadi leo. Haikuwa uzembe. Springi ya mabapa hubeba uzito na papo hapo huishika ekseli isiende mbele, nyuma wala pembeni, bila kuhitaji mikono mingine ya chuma. Kwa hiyo bushi ikilika nyuma, ekseli nzima hupata nafasi ya kucheza, na gari huanza kujiendesha lenyewe. Dereva hudhani usukani ndio wenye hitilafu, akatumia fedha kubadilisha vitu vizima.

Gurudumu linapopanda juu ya jiwe, springi hunyooka, na inaponyooka urefu wake kati ya sikio na sikio huongezeka. Sikio moja limefungwa mahali pamoja kwenye chasisi. La pili huning'inia kwenye shakeli, yaani vile vipande viwili vya chuma vinavyobembea kufuata urefu huo. Huo ni mwendo wa kwanza, na kila fundi anaujua. Mwendo wa pili ndio unaosahaulika: gurudumu la kushoto likiwa juu na la kulia limezama korongoni, ekseli hulala upande, na springi nayo hutaka kujipinda pamoja nayo. Mpira wa bushi ndio unaopaswa kuupokea msokoto huo. Mpira ukikataa, msokoto huhamia kwenye bapa la kwanza na kwenye kishikio kilichochomelewa kwenye chasisi, na chuma kinachosokotwa hivyo kutwa nzima, siku baada ya siku, mwisho hupasuka.

Ndiyo maana nashangaa kuona bushi za mpira zikitolewa na mahali pake zikawekwa za nailoni zilizokerezwa mtaani, au hata za shaba, kwa hoja kwamba ‘hizi haziishi’. Ni kweli haziishi. Kinachoisha ni springi. Bushi za poliyurethani zinazouzwa na wafanyabiashara wa spea zina nafuu kwa gari linalobeba mzigo mzito kwenye lami, lakini nazo ni ngumu kuliko mpira, na zisipopakwa grisi inayozifaa hukauka na kulia. Kuongeza mabapa mawili au matatu ili gari ‘lisimame’ ni kosa la ukoo huohuo, kwa kuwa shakeli hubaki imesimama wima au hata kulala upande usiotakiwa, haina tena nafasi ya kubembea, na abiria wa kiti cha nyuma ndiye anayeyalipa kwa mgongo wake.

Lipo jambo jingine lisilogharimu hata shilingi. Bushi ya mpira iliyoshikana na chuma chake haizunguki ndani ya sikio, bali mpira wenyewe ndio unaojipinda. Fundi akikaza nati za shakeli gari likiwa bado juu ya jeki, huku ekseli inaning'inia, mpira hufungwa katika hali ya kuning'inia; gari likishushwa na kubeba uzito wake, mpira tayari umesokotwa kabla gari halijatembea hata hatua moja. Utaratibu sahihi ni kushika nati kwa mkono tu, kushusha gari likanyage chini kwa magurudumu yote, kulitikisa ili springi ikae, kisha ndipo kukaza. Mmiliki asione haya kusimama hapo gereji na kuangalia likifanyika.

Wapo vijana wanaoagiza kutoka nje shakeli zenye kiungo kinachofunguka ili gurudumu lishuke zaidi korongoni. Kwa mchezo wa kupanda miamba polepole zina nafasi yake. Lakini shakeli ikishafunguka, springi haisukumi tena gurudumu chini. Kinachobaki ni uzito wa ekseli yenyewe, hivyo mshiko unaopatikana ni mdogo kuliko picha zinavyoonyesha. Kwa gari lililojaa wageni na mizigo, linalokimbizwa kwenye changarawe ili liwahi geti kabla halijafungwa, sioni sababu ya kuongeza kiungo kingine cha kulegea.

Ombi langu ni kwamba wanaokagua magari ya utalii wasiishie kwenye matairi, taa na mikanda. Mtaimbo mfupi ukipenyezwa kati ya sikio na shakeli na kubanwa juu kidogo utaonyesha mara moja kama bushi imelika, na pini yenye mng'ao upande mmoja itasema yaliyobaki. Kazi hiyo haizidi dakika chache kwa kila gurudumu, na ifanyike gari likiwa bado mjini, ambako spea zinapatikana.

Msomaji wako,
Njiro, Arusha