Msiutaje msumeno mkaliacha lori

Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika safu hii kwamba misitu ya Uganda inamalizwa na misumeno ya injini, hii tunayoiita pawa, na kwamba ikipigwa marufuku miti itapona. Mimi nimekula jasho la mbao tangu mwaka 1969, kwanza nikiwa taniboi, baadaye dereva, na kwa heshima zote naona amemkamata mwizi mdogo akamwacha mkubwa apite. Mti ulioangushwa mahali ambapo gari halifiki ni chakula cha mchwa. Mwenye pawa haangushi mti mpaka ajue lori litapita wapi.

Wazee waliotutangulia walilijua jambo hili vizuri, kwa kuwa wao hawakuwa na gari. Gogo la mkangazi lenye kipenyo cha mita 1 na urefu wa mita 5, likiwa bichi, lina uzito wa tani 3 hivi, na hakuna kijiji kinachoweza kulibeba. Kwa hiyo hawakulihamisha: walichimba shimo palepale mti ulipolala, wakalivingirisha gogo juu ya mihimili, mtu mmoja akasimama juu na mwenzake akaingia shimoni kumezeshwa vumbi, wakavutana msumeno mrefu kutwa nzima. Kilichotoka msituni kilikuwa mbao, tena kichwani mwa mtu. Ubao mbichi wa inchi 12 kwa 2 wenye urefu wa futi 14 unakaribia uzito wa mfuko wa saruji, na njia ya msituni haina tambarare. Ndiyo maana walichagua miti michache, ile mizuri iliyo karibu na njia, na msitu haukuhisi kitu.

Lori ndilo lililoyageuza hayo. Hapa kwetu Bunyoro, katika msitu wa Budongo, viwanda vya kupasulia mbao vilifanya kazi kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, na kila kiwanda kilihitaji barabara za kuingia ndani kabisa ili magogo mazima yaletwe penye mashine. Reli ilipofika Kampala mwaka 1931, ubao uliofikishwa huko kwa gari uliweza kwenda hadi Mombasa bila kuvushwa ziwani kwa meli. Anayetaka kuona mabaki ya enzi hizo aende Sonso, ambako watafiti wa sokwe, waliofika mwaka 1990, wanatumia majengo ya kiwanda cha zamani. Hata Marekani mambo yalikwenda hivyohivyo: magogo yalikokotwa na maksai, kisha yakabebwa na treni za mvuke, mpaka mfanyabiashara wa mbao wa Tacoma, T. A. Peterman, aliponunua kiwanda cha magari ili ajiundie malori ya kumtosha, na mwaka 1939 ikazaliwa Peterbilt. Mtu wa mbao alikwenda kutafuta gari. Hakwenda kutafuta shoka kali zaidi.

Naomba niseme kidogo kuhusu upakiaji, kwa sababu wanaoandika habari za misitu hawaugusi. Sisi hatukuwa na winchi. Tuliegemeza nguzo mbili imara ubavuni mwa gari kama ngazi isiyo na vidato, tukapitisha minyororo chini ya gogo, tukairudisha juu ya bodi, na watu kumi upande wa pili wakavuta kwa "harambee" huku gogo likipanda kwa kujiviringisha. Taniboi alikaa nyuma yake na kabari mbili za mti mgumu, na kila gogo lilipopanda shubiri moja alizisogeza ili lisirudi. Siku moja mnyororo uliokwishaungwa kwa waya ulikatika, na mwenzangu aliyeshika kabari akavunjika mguu mara mbili. Tajiri wetu alimpa nauli ya kwenda hospitali, na mchana uleule akaweka mtu mwingine mahali pake.

Mwaka 1972 Waasia walipofukuzwa, viwanda vingi vilibaki bila wenyewe, malori yakakosa vipuri, na watu wakarudi kwenye shimo na msumeno wa mikono miwili. Mashoka hayakupungua nchini, wala wapasuaji hawakupungua. Kilichopungua ni magurudumu, na mbao zikarudi kubebwa kichwani.

Leo Fuso zimejaa, barabara za lami zimefika wilaya nyingi, na mbao zinashuka Ndeeba, Kampala, nyingine zikitokea Kongo kupitia Mpondwe. Tangu mwaka 2003 tuna sheria ya misitu iliyoleta Mamlaka ya Kitaifa ya Misitu, na mbao halali hugongwa alama kwa nyundo. Lakini mara nyingi mzigo hukaguliwa ukiwa tayari njiani, umefunikwa turubai, na taniboi amelala juu yake. Hapo askari ataona nini? Kisiki kiko kilomita 80 nyuma. Ninachopendekeza ni kwamba mkaguzi akae mahali pa kupakilia, agonge nyundo kabla mnyororo haujakazwa, na aandike namba ya gari pamoja na idadi ya magogo. Mahali hapo hapafichiki: penye matairi mapana, maganda ya mti na shimo la oili, pamepakiwa lori.

Mpigapicha wenu akitaka, aje Masindi siku yoyote ya kazi. Kutoka mjini kuna sehemu tatu ninazozijua, tutakwenda kwa boda, na nauli nitalipa mimi. Ila aje saa kumi na moja jioni, kwa sababu asubuhi atakuta maganda tu.

Dereva mstaafu,
Masindi