Msianze na ukuta: barua kwa somo yangu wa Makambako

Uyole, Mbeya
Julai

Somo yangu mpendwa,

Mahindi ya mama yamefika salama kwa mkono wa kondakta, hayakupungua hata kisado. Mwambie nashukuru sana, na shikamoo yangu umfikishie. Huku baridi imetushika kwelikweli, asubuhi ukungu unatanda mpaka saa tatu, na najua ninyi upepo wa Makambako hauwaonei huruma.

Sasa nije kwenye swali lako. Umeniuliza kituo mnachotaka kujenga kwa ajili ya watu wenye matatizo ya akili kiwe na vitanda vingapi. Kisiwe na kitanda hata kimoja.

Usinune kwanza. Kikundi chenu kimepata kiwanja nje ya mji, barabara ya Songea, mmeshapiga hesabu ya tofali na bati, na mwenyekiti wenu anataka kazi ianze na ukuta ili wagonjwa wasitoroke. Ndiyo maana nimeona nikuandikie, simu isingetosha. Mdogo wako ameruhusiwa kutoka Mirembe, hospitali ya akili ya Dodoma, madaktari wameona anaweza kurudi nyumbani. Halafu sisi tunaompenda tumjengee Mirembe nyingine ndogo, isiyo na daktari, kilomita kadhaa kutoka kwa kila mtu anayemjua?

Na hata tukiweka mapenzi pembeni, kuna sheria. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imepanga nani anaweza kulazwa bila ridhaa yake, wapi, na kwa utaratibu gani. Kikundi cha kuweka na kukopa hakimo humo, hata kama mweka hazina wenu ni mtu wa sala. Mkimfungia mtu mlango, mmeingia matatani.

Unajua nilisomea uuguzi Dodoma na kazi nimeifanya wodini mpaka nikastaafu. Tulichokijua vizuri ni kumtuliza mtu aliyechafukwa. Sindano ya mwezi inaweza kuzizima zile sauti anazozisikia mgonjwa peke yake, au kuzipunguza zikawa za kuvumilika. Lakini mtu huyo akirudi nyumbani, Jumatatu asubuhi haina pa kumpeleka. Hatumwi dukani kwa sababu atapoteza chenji. Harusi ikija anaambiwa abaki alinde nyumba. Watoto wa kaka yake wanakua wakijua baba mdogo ni wa kulala tu. Baada ya miezi kadhaa anachoka, anaacha sindano, anakwenda kwenye komoni ambako angalau kuna watu wa kuongea nao, na kabla mwaka haujaisha yuko kwenye basi la Dodoma tena, katikati ya ndugu wawili waliomshika mikono. Nimewapokea wengi wa namna hiyo. Dawa zilikuwa zile zile na ugonjwa ule ule. Kilichokuwa hakipo ni maisha ya kurudia.

Kwa hiyo acha nikueleze tunachofanya hapa, halafu mtapima wenyewe. Tuna chumba cha nyuma cha ukumbi wa kanisa, na uani kuna turubai. Tunakutana siku tatu kwa wiki, saa tatu mpaka saa nane. Hakuna wodi, hakuna sare, na dawa hazitolewi pale. Dawa ni za kliniki. Wanaokuja tunawaita wanachama, na kazi zote za siku hiyo ni zao: kuwasha moto, kupika chai, kufagia, kuandika mahudhurio, kwenda sokoni, kuchagua maharage. Maharage ndiyo biashara yetu. Wafanyabiashara wanatuletea magunia ya maharage ya njano, tunayamwaga kwenye turubai, tunatoa mawe, mapepe na yaliyotobolewa na wadudu, tunalipwa kwa debe. Ni kazi unayoweza kuifanya kichwa kikiwa hakijatulia. Mikono inakwenda, unaongea ukitaka, ukinyamaza hakuna anayekuuliza una nini.

Daftari la mahudhurio analo mzee mmoja aliyekuwa karani wa mizani kwenye ghala la mazao kabla hajaugua. Sauti bado anazisikia, anasema mwenyewe, ila amezizoea. Anaandika majina kwa wino wa bluu, hati imelala upande mmoja, na saa nne kamili anapiga mstari mwekundu kwa rula. Ambaye jina lake halipo juu ya mstari anatafutwa: Karani anachagua watu wawili, anawapa nauli ya bajaji kwenye kibati cha maziwa, wanakwenda kugonga mlango. Hawaendi kumleta kwa nguvu, wanakwenda kumwambia leo hukuonekana na chai imebaki. Watu walioishi miaka mingi bila yeyote kujali kama wameamka wanatafutwa kwa sababu zamu yao ya kupika imekosa mtu. Mimi na taaluma yangu yote sijawahi kuandika cheti cha dawa chenye nguvu ya aina hiyo, na wala muuguzi haandiki vyeti, lakini umenielewa.

Jambo hili hatukulibuni sisi. Miaka ya 1940 kule New York, watu waliotoka hospitali ya serikali ya Rockland walianza kukutana wenyewe kwa wenyewe, wakajiita Hatuko Peke Yetu. Mwaka 1948 wakasaidiwa kupata nyumba iliyokuwa na chemchemi ya kujengwa uani, ikaitwa Fountain House. Mwaka 1955 akaja mkurugenzi, John Beard, aliyeipanga siku nzima kuzunguka kazi za nyumba yenyewe, waajiriwa na wanachama wakizifanya bega kwa bega: jikoni, ofisini, kwenye simu. Uanachama hauna mwisho. Ukiugua tena ukalazwa, ukirudi nafasi yako ipo. Wana ujanja mmoja wa ajira ninaoupenda kuliko yote. Nyumba inaongea na mwenye kampuni, inapewa nafasi ya kazi ya kweli yenye mshahara wa kweli, na mwanachama anaishika kwa miezi kadhaa kisha anampisha mwingine. Siku akizidiwa, mtu wa nyumba anakwenda kumshikia zamu. Mwajiri hakosi mtu, na mgonjwa hapotezi kazi kwa sababu ya wiki moja mbaya. Mfano huo umeenea nchi nyingi. Nadhani pale stendi ya Makambako, kwa jinsi mizigo inavyoshuka usiku na mchana, mnaweza kupata wawili watatu wa kuwasikiliza.

Mwenyekiti wenu akisema hayo ni ya Wazungu, mwambie habari za Dk. Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria. Mwaka 1954 alianza kuwapangishia wagonjwa nyumba za wanakijiji jirani na hospitali ya Aro, Abeokuta, kila mmoja akiwa na ndugu yake wa kumwangalia. Mchana walikwenda hospitali, jioni walirudi kijijini kula na watu. Waganga wa jadi nao aliwaita mezani, hakuwafukuza. Na hapa kwetu, Lutindi kule Usambara, mahali palipoanza mwaka 1896 kama makazi ya watoto waliokombolewa utumwani kabla ya kuwa hospitali ya akili, kazi ya mikono na ya shamba ni sehemu ya tiba tangu zama za babu zetu. Hombolo na Vikuruti mnavisikia pia. Vilikuwa vijiji vya kulima kwa waliotoka hospitalini.

Vijiji hivyo vina funzo jingine ambalo sitaki mlipite haraka. Shamba la mbali na watu wako ni rahisi kuwa mahali pa kumsahau mtu. Ndugu wanamleta, wanashukuru, hawarudi. Kwa hiyo uzeni kile kiwanja, au kilimeni viazi mpate fedha za uendeshaji, na chumba mpange karibu na soko. Mtu aje kwa miguu yake, apite kwa muuza vitumbua amsalimie, jioni arudi kulala kwao.

Umeniuliza pia kuhusu wale bibi wa Zimbabwe. Habari ni za kweli. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza Harare kuwafundisha akina bibi kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza na kuwasaidia kushika tatizo moja kwanza. Baadaye wanawaunganisha kwenye vikundi vya wenzao, wanafuma mikoba kwa mabaki ya plastiki huku wanaongea. Utafiti uliotoka mwaka 2016 ulionyesha kwamba inasaidia. Lakini hiyo ni kwa wenye sonona na mawazo mazito. Ya mdogo wako ni nyingine, usije ukamkalisha kwenye benchi ukamwondoa kliniki. Hata hivyo akina bibi waanzisheni, Makambako hakukosekani wajane na wafiwa.

Kuhusu dawa. Wagonjwa wa akili wana msamaha wa malipo kwenye vituo vya serikali, ila unajua dirisha linavyoweza kukujibu "imeisha, jaribu nje". Wekeni akiba ya dawa kwenye bajeti kabla ya kununua hata kiti kimoja. Na muwasikilize wanaozimeza. Tulikuwa na binti aliyeacha sindano, kwao wakamwita mkaidi. Sisi tukimwangalia tuliona ametulia tu. Siku moja wakiwa kwenye maharage, mwenzake alimtazama jinsi anavyofuta mate kwa pindo la kanga na vidole vilivyokakamaa, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hata mimi nilikuwa hivyo, ni dawa. Kuna kidonge cha kulegeza, kamwambie daktari." Akasindikizwa kliniki, akaandikiwa Artane, sindano akaikubali. Mtu ambaye hajawahi kukakamaa asingeliona lile.

Wachungaji waje waombe, mbona sisi tuko kwenye jengo lao. Sharti letu kwao ni moja tu: wasimwambie mtu aache dawa. Anayefunga mgonjwa kwa kamba na minyororo hatujadiliani naye, awe mganga, mchungaji au baba mzazi.

Siku mbaya zitakuwepo, msidanganyane. Kila mwanachama wetu ana karatasi aliyoiandika akiwa mzima. Mmoja ameandika, "Nikikosa usingizi siku tatu mfululizo na nikaanza kugawa nguo zangu, mwiteni dada. Msimwite kaka, ana fujo. Nipelekeni kwa gari, siyo pikipiki." Karatasi hiyo inaokoa mabishano mengi mlangoni. Na ofisa ustawi wa jamii wenu pamoja na muuguzi wa kliniki wawe na namba zenu tangu mwanzo, msiwatafute usiku wa kwanza wa vurugu.

Fedha ndiyo itakayowagombanisha. Kazi ikilipa, ndugu watakuja. Hapa alikuja baba mmoja kudai posho ya mwanawe apewe yeye mkononi, eti kijana hajui kutunza pesa. Karani akamwonyesha daftari: sahihi ni ya kijana, pesa ni ya kijana. Mzee aliondoka anafoka, nami sijutii. Kwa upande wa pili, kuweni macho na wafadhili na wafanyabiashara wanaonusa vibarua vya bure. Bei ya debe tunalipwa ile ile anayolipwa mama yeyote pale ghalani, hata senti isipungue kwa sababu wachaguaji "ni wale". Tukishushiwa bei, turubai linakunjwa.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta kitu kimoja sikukiona. Umetaja mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mchungaji na fundi. Mdogo wako amesema nini? Amewahi kuulizwa angependa kuamka afanye kazi gani? Nakumbuka alikuwa anatengeneza redio za jirani zenu zote kabla hajamaliza shule. Mwekeni kwenye kamati, yeye na wengine wawili waliowahi kuugua, tena wapige kura kama wengine. Wakikataa maharage wakasema wanataka meza ya kutengeneza simu na redio pale sokoni, basi kituo chenu kitakuwa hicho.

Wiki ya pili ya Agosti tunapokea magunia mapya, itakuwa siku nzuri ya kuona kazi. Njoo na mdogo wako, na mwenyekiti kama bado ananisemesha. Mtalala kwangu, mablanketi yapo. Mwambie mdogo wako redio ya Karani imekufa wiki ya tatu sasa na mafundi wa Mwanjelwa wanataka pesa nyingi, aje na bisibisi zake. Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi ili nijue tunapika wali wa watu wangapi.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi somo yako,
wa Uyole