Kwa nini tunakurudisha kutoka Maziwe saa saba mchana

Juzi nimetumiwa ujumbe wa sauti wa dakika sita. Dada mmoja, mzaliwa wa Tanga aliyeolewa Ujerumani, alikuja likizo na mumewe na watoto watatu, tukawapeleka kisiwani Maziwe kwa boti yetu ya wageni. Sasa amesharudi kwake, ametulia, na hasira ndiyo kwanza zimempanda: “Kaka, mlisema safari ya siku. Kisiwani tumekaa saa tatu na nusu. Pesa yote ile! Watoto hawakumaliza hata kujenga nyumba yao ya mchanga.”

Ile nyumba naikumbuka. Mnara wake ulikuwa wa ganda la kombe. Saa saba kasorobo maji yalikuwa yameshaingia sebuleni.

Si yeye wa kwanza. Kila likizo ya Agosti na Desemba nalisikia neno hilohilo, la Wazungu, la Wakenya wanaoingilia mpaka wa Horohoro, la ndugu zetu wanaoishi nje. Wanaona tumewapunja saa. Basi naandika mara moja, nipumzishe koo.

Maziwe ni fungu la mchanga, kilomita 8 hivi kutoka Pangani, limezungukwa na matumbawe. Zamani kilikuwa kisiwa kweli, chenye mivinje. Wavuvi wazee wa hapa kwetu walilala chini ya miti hiyo wakingoja upepo. Ufukwe ukaliwa na mawimbi, miti ikaanguka mmoja mmoja, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakuna hata mmoja uliosimama. Leo hakuna kivuli isipokuwa turubai letu, hakuna choo, hakuna maji ya kunywa ila tuliyobeba. Na maji yakijaa wakati wa bamvua, yaani siku bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, kisiwa chenyewe hakipo. Utapita juu yake na boti usijue.

Hata kasa wanalijua hilo kwa uchungu. Wanapanda Maziwe kutaga kama walivyotaga mama zao, na mayai yangekufa maji yote kama wahifadhi wasingeyafukua na kuyahamishia ufukwe wa Ushongo. Wageni wengi wanaoshuhudia vifaranga vya kasa vikikimbilia baharini pale Ushongo hawajui kwamba mayai yalisafiri kwa boti kabla yao.

Ndiyo maana nahodha wetu hakuulizi unataka kwenda saa ngapi. Anauliza, leo mwezi ngapi? Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu ni bamvua: kwetu maji yanakupwa mwisho saa nne hivi asubuhi, na yanajaa saa kumi hivi jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa karibu dakika 50. Kati ya bamvua na bamvua kuna maji mafu, bahari haipwi sana wala haijai sana, na siku hizo mchanga unabaki nje muda mrefu zaidi. Huyu dada alikuja siku mbili baada ya mwezi mpevu. Tulimwandikia tangu mwanzo kwamba siku tano mbele ingekuwa nafuu. Akajibu tiketi ya ndege imeshakatwa. Sawa, lakini bahari haikuiona hiyo tiketi.

Halafu kuna mlango wa mto. Boti zetu zinatoka Pangani mtoni, na pale mlangoni pana fungu. Maji yakikauka, boti iliyopakia familia inagusa chini. Ndiyo sababu nakwambia uwe ufukweni saa moja asubuhi, na si kwamba tunapenda kukuharibia usingizi. Mgeni aliyesema “tunywe chai kwanza” tulimpakia saa mbili na nusu, mabaharia wakashuka kusukuma, maji kiunoni, na yeye amekaa omo, mbele ya boti, anapiga picha. Tangu siku hiyo chai tunabeba kwenye chupa.

Na kurudi? Agosti ni kusi, majira ya upepo wa kusini. Asubuhi bahari imelala, ikifika saa nane upepo umekaza na mawimbi yanakupiga ubavuni njia nzima. Mtu mzima atatapika, atacheka, yataisha. Mtoto wa miaka minne atakumbuka hiyo tu katika likizo nzima. Kwa hiyo saa saba tunang’oa nanga, hata kama mchanga bado unaonekana.

Sasa bei. Hapa ndipo maneno yanapokuwa mengi. Mtu anateremka ufukweni, anatutajia alichoambiwa na kijana mwenye ngalawa ya mashine, nusu ya bei yetu, halafu ananitazama kama nimemuibia mama yake.

Kwanza, kiingilio cha hifadhi si chetu. Maziwe ni eneo tengefu la bahari tangu 1975, pesa inaingia serikalini kwa namba ya malipo, na mgeni analipa zaidi ya raia. Dada wa Ujerumani alikasirika kwa hilo pia, kwamba kazaliwa Ngamiani na bado anatozwa kama mgeni. Namuelewa, wallahi. Lakini askari wa hifadhi anaangalia pasipoti, kitovu hakimhusu.

Pili, sisi tunakwenda na mashine mbili, Yamaha ya nguvu za farasi arobaini na ndogo ya kumi na tano ya akiba. Ile ndogo inaweza kukaa miezi mitatu haijawashwa kwa dharura, na bado kila Ijumaa tunaiwasha, tunafungua plagi, tunachuja petroli kwa kitambaa kabla ya kuchanganya na oili. Wapo nahodha na mabaharia wawili. Upo ukaguzi wa kila mwaka wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini. Na yapo majaketi ya watoto, ambayo ni kesi yake peke yake.

Mzazi ananiambia, “huyu mdogo nitampakata, mpe jaketi lolote.” Hapana. Siku moja, kabla sijapata akili, nilikubali mtoto wa miaka mitano avae la mtu mzima. Alipojirusha majini pembeni ya boti, jaketi likapanda, yeye akashuka. Nikaona mikono miwili midogo imeshika ukingo wa jaketi juu ya maji, na uso hauonekani. Baharia alimvuta kwa sekunde chache, mtoto akapiga chafya akaomba soda. Mimi sikula siku ile. Sasa tunauliza uzito wa kila mtoto kabla hujalipa, na jaketi la mdogo lina mkanda unaopita katikati ya miguu. Ukikataa kutaja uzito, hatusafiri.

Kuhusu ngalawa ya nusu bei nitasema hili moja. Mwaka jana ilikuja familia kutoka Nairobi, baba, mama, watoto watatu na bibi yao. Tukawatajia bei, wakaona tumezidisha, wakavuka kivuko hadi Bweni wakampata mvuvi. Hawakuamka mapema, wakaondoka saa sita, siku ya bamvua. Sisi tunarudi, tunapishana nao wanakwenda. Nahodha wangu akapiga kelele, “Maji yanakuja!” Wakatupungia mikono kwa furaha.

Yule kijana aliwashusha, akasogea pembeni kutupa mishipi yake, maana siku hiyo alikuwa na kazi mbili. Nahodha wangu alifika nyumbani, akakaa, akainuka, akakaa. Saa nane akajaza dumu tukarudi wote wawili. Tulipofika, Maziwe ilikuwa imebaki kama mkeka wa kuswalia. Bibi kakaa juu ya deli katikati ya mkeka, kanga kaikunja magotini, pochi kaishika kifuani. Baba yuko majini hadi mapajani na mtoto mabegani. Bakuli la pilau linaelea likielekea Pemba. Na yule kijana yuko mbali, anavuta kasia, mashine imegoma. Petroli yake ilikuwa na maji.

Si mwizi yule, nisieleweke vibaya. Ni mvuvi hodari na nanunua samaki aina ya changu kwake hadi leo. Ila samaki hadai muda wa kurudi. Tuliwapakia, tukaikokota ngalawa, tukawatoza mafuta tu. Ukijumlisha waliyomlipa kijana, mafuta yetu, na simu iliyozama, walishapita bei yetu. Picha nazo zilikuwa kwenye simu.

Bibi ndiye aliyeniuliza tulipofika, kwa upole, “Mwanangu, kwa nini hamkutuambia kisiwa kinazama?” Nikakosa jibu. Tulikuwa tumewatajia bei, tulikuwa hatujawatajia maji. Hilo kosa ni letu, na tangu siku hiyo kila anayeuliza bei anapewa kwanza saa za maji kujaa na kupwa za tarehe yake.

Kwa wenye mtoto mchanga au mzee wa magoti, nitakupoteza kama mteja lakini nitakwambia: nenda Tanga mjini, kodi boti ya kwenda Toten. Iko ndani ya ghuba, bahari yake imetulia, ina magofu ya misikiti na makaburi ya kale, na haizami. Wajerumani waliipa jina la kisiwa cha wafu, lakini watoto wanapenda kukimbizana humo.

Dada wa Ujerumani nimemjibu. Nimempa tarehe tatu za maji mafu za Desemba, achague kabla hajakata tiketi. Ameuliza kama tunaweza kutoka saa tatu.