Walaghai watufuata kwa Kiswahili, sheria ya kripto iko kwa Kiingereza

Kwako Mhariri,

Mimi ni wakala wa M-Pesa hapa Kongowea, huu mwaka wa tisa, na naandika kwa sababu nimechoka kuwa mtu wa mwisho kuziona pesa za watu kabla hazijapotea. Mtu aja asubuhi na elfu tano zake za nyanya, aniambia niwekee kwa simu, halafu asimama papo hapo dirishani anatuma kwa namba ya mtu asiyemjua, nikimuuliza huyu ni nani asema ni kripto bwana, zile sarafu za mtandaoni, kuna roboti ya akili mnemba inatreidi usiku na mchana, faida kila siku.

Mwezi uliopita ilikuwa mama mmoja muuza ndizi, mtu mzima, namheshimu kama mamangu. Amepoteza 48,000, pesa ya mchezo wao wa akina mama, zamu yake ndo ilikuwa imefika. Alionyeshwa video ya kiongozi mkubwa tunayemjua sote, anaongea Kiswahili safi kabisa, mdomo waenda na maneno, eti huu ni mpango wa kumuinua mwananchi wa kawaida. Video yenyewe imetengenezwa na mashine. Sasa yeye angejuaje? Mimi mwenyewe niliirudia mara tatu ndo nikaona meno hayakai sawa. Zamani tapeli tulikuwa tukimjua kwa meseji yake, Kiswahili kimevunjika vunjika, ukisoma mstari mmoja tu wafuta. Siku hizo zimekwisha Mhariri, hizi programu za sasa zaandika Kiswahili kilichonyooka na sauti ya mtu zaiiga.

Na jambo ambalo wateja wangu wengi hawalijui ni kwamba pesa ikishageuzwa kripto hairudi. Ukikosea kutuma M-Pesa waipeleka ile meseji kwa 456, ukiwahi na mwenzako hajatoa kuna matumaini. Bitcoin, kripto inayojulikana zaidi, tangu ianze 2009 haina 456. Ni daftari moja kubwa lililosambazwa kwenye kompyuta nyingi duniani, hakuna meneja wake, hakuna ofisi, kilichoandikwa kimeandikwa. Hiyo ndo nguvu yake, hakuna mtu wa kuamka akachapisha zaidi ya zile milioni 21 zilizowekwa kuwa mwisho, lakini hiyo hiyo ndo hatari yake kwa mama wa ndizi.

Sisemi kripto yote ni wizi. Kuna wafanyabiashara hapa mjini wanaolipa mzigo wa China kwa USDT, ile sarafu iliyofungwa kwa dola, kwa sababu ni haraka. Ninachokataa ni hii hesabu ya faida ya kila siku. Wacha nipige hapa. Elfu kumi ikizaa asilimia moja kwa siku na faida ikirudi ndani, mwaka ukiisha inatakiwa iwe zaidi ya 377,000. Kama kuna mashine ya kufanya hivyo mwenyewe angekaa kimya na mashine yake, angekuja Kongowea kutafuta elfu tano ya nyanya kwa nini? Hata wakubwa wenye kompyuta za mabilioni huko Marekani mashine huwageuka, Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ilipoteza dola milioni 440 kwa muda wa kama dakika 45 tu kwa sababu ya hitilafu ya programu ya kununua na kuuza hisa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba soko la halali nalo limekuja mpaka kwenye simu na hakuna aliyetuambia. 2017 serikali iliuza M-Akiba, hatifungani, yaani waikopesha serikali nayo yakulipa riba, ya kununua kwa simu kuanzia 3,000, riba asilimia 10 kwa mwaka bila kodi. 2023 Benki Kuu ikaleta DhowCSD, waingia mtandaoni wanunua hatifungani mwenyewe ukianzia 50,000, hupiti kwa mtu. Wameipa jina la jahazi letu kabisa, na hapa Mombasa nikiuliza wateja kumi sipati mmoja aliyeisikia. 2025 Soko la Hisa la Nairobi likaruhusu mtu kununua hata hisa moja, kabla ya hapo ilikuwa kuanzia mia. Yote hayo matangazo yake nimeyaona kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha benki. Tapeli yeye amekuja na Kiswahili, ameingia kwenye grupu la WhatsApp la akina mama, amesalimia vizuri, ameuliza hali ya watoto.

Na watu wa hapa si wazito wa kuelewa mambo haya. 2013 pale mtaa wa Bangladesh, Mikindani hapa Mombasa, wakaazi walianzisha Bangla-Pesa, vocha zao wenyewe za kununuliana mboga na maji pesa ya kawaida ikiwa haba. Wakakamatwa, wakashtakiwa, baadaye mashtaka yakaondolewa, na mpango ule ule ukakua ukawa Sarafu, ukaingia kwenye blokucheni, daftari la kusambazwa kama lile la Bitcoin. Waliuelewa kwa sababu walielezwa na majirani zao kwa lugha yao, wakikaa pamoja, na kila mtu alijua nani ameshika nini.

Sasa tuna sheria ya kampuni za mali za kidijitali, kripto ikiwemo, Rais ameitia saini Oktoba 2025, Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ndo waliopewa kazi ya kutoa leseni. Nimeifurahia sana, kwa sababu kwa mara ya kwanza kuna swali rahisi la kumuuliza mtu, je, una leseni? Lakini jibu lake mama wa ndizi atalitafuta wapi? Sheria yenyewe ni kurasa nyingi za Kiingereza ambazo hata mimi nimezisoma na kamusi mkononi.

Kwa hivyo Mhariri nakuomba wewe na nawaomba hao wakubwa wa kutoa leseni. Wao watoe orodha ya kila kampuni itakayopewa leseni, na ya zile zilizokataliwa, kwa Kiswahili cha kueleweka, na nyinyi muichape kila wiki, ukurasa ule ule, siku ile ile, watu wazoee kama wanavyozoea matokeo ya mpira. Waisome pia kwenye redio zetu za Pwani saa za jioni, akina mama wakiwa wamefunga vibanda. Mimi nitaikata niibandike dirishani, chini ya karatasi ya ada, na kila anayekuja kutuma pesa ya roboti nitamuonyesha kwa kidole kabla sijampokea.

Wakala wa Kongowea,
Mombasa