Barua kutoka Zinder

Zinder, Niger
Juni 2010

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, hofu ni kwako na watoto. Barua yako nimeipata, na umeniuliza lile lile wanaloniuliza wote huko nyumbani: eti huku hakuna chakula kabisa?

Chakula kipo, Neema, na hilo ndilo linaloniuma. Alhamisi ndiyo siku ya soko kubwa hapa. Ukipita utakuta magunia ya uwele yamepangana, mchele, tambi, nyama inachomwa. Asiyekula ni yule aliyetoka kijijini kuuza mbuzi. Mwaka jana mvua zilikatika mapema, shamba halikutoa kitu na majani ya mifugo hayakuota. Sasa kila mtu anakimbilia kuuza kabla mnyama hajamfia, kwa hiyo mbuzi wanashuka bei na uwele unapanda. Juzi nilimwona mzee, kanzu yake safi, amesimama na beberu mmoja mpaka adhuhuri. Mnunuzi akamminya mnyama mbavu, akataja bei, akaondoka zake. Mzee akamfuata mbio. Uwele aliopata, aliopimiwa kwa lile bakuli lao waliitalo tia, aliubeba kwa mkono mmoja. Wewe mtoto wa Dodoma, unajua beberu mzima anaingiza nini mnadani!

Miezi ya njaa huku ni hii, mpaka uwele ukomae Septemba. Wanaume wengi wameshavuka mpaka kwenda Nigeria kusaka vibarua. Wanawake waliobaki wanachuma anza, matunda ya kichaka kimoja kisichojali ukame. Mbegu zake chungu ajabu, lazima ziloweke siku kadhaa huku maji yakibadilishwa ndipo zipikwe. Na hayo maji ni ya kununua kwa dumu kwa wasukuma mikokoteni, au ya kuvuta kisimani kwa kamba ndefu hadi viganja vichubuke.

Kliniki tunapima watoto mkono kwa utepe wenye rangi. Ukiishia kwenye nyekundu, mama anaondoka na pakiti za siagi ya karanga za wiki nzima. Ukiishia kwenye manjano, anasubiri unga, na wiki hii unga haujafika. Jumanne mama mmoja mtoto wake alikuwa manjano, karibu kabisa na nyekundu. Akaniinamia akasema kitu polepole. Kwa Kihausa changu cha kuokoteza nikadhani anauliza siku ya kurudi. Muuguzi mwenzangu ndiye aliyenifafanulia: anaomba uukaze utepe kidogo. Nikapima upya, ikatoka manjano ile ile. Alimfunga mtoto mgongoni, akanishukuru, akaenda.

Siasa sitaki kuzigusa sana. Ila mwaka 2005, njaa ilipouma, Rais Tandja alisema watu wake wanaonekana wameshiba. Wanajeshi walimpindua Februari mwaka huu. Mimi si shabiki wa mapinduzi, unanijua, lakini hawa angalau wamesema wazi kwamba njaa ipo na wakaomba msaada. Wanaohesabiwa kukosa chakula cha kutosha wanapita milioni 7, karibu nusu ya nchi.

Usidhani nakonda. Nakula tuwo, ugali wa uwele kama wa bibi yako, na mchuzi wa majani ya mbuyu yaliyokaushwa yakasagwa. Unavutika kama mlenda. Ningekupikia ungeomba uongezwe.

Kuhusu zile nguo mnazokusanya na akina mama wenzako, acheni. Usafiri wake utakula zaidi ya thamani yake, na nguo hapa si shida. Kama kuna fedha, leteni fedha. Chakula tutakinunua hapa hapa. Ukizipata niandikie mapema, maana Julai barabara za vijijini zitajaa maji na gari letu si la kutumainiwa.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya presha asiruke.

Wako,
Rehema