Barua kwa mwanangu: siku nyavu zikijaa

Bwana asifiwe baba yangu. Huku Kirumba, Mwanza, hatujambo, mvua tu ndo inatusumbua, dagaa tuliowaanika juzi wamelowa wote na dagaa akishalowa hivo hata umrudishe juani vipi rangi haiji tena, wataenda kwa watu wa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Ndo kazi yenyewe hii. Unanunua mzigo mzuri alfajiri pale soko la Mwaloni, wabebaji unao, sehemu ya kuanikia unayo, alafu wingu moja linatokea upande wa ziwa unabaki unaangalia tu. Kwa hiyo mama yako nikisema namtegemea Mungu sisemi kama mtu anayeimba kwaya.

Nakuandikia sababu ya zile status zako, dada yako ndo kanionyesha. Umepiga picha na gari, hongera sana, limependeza na hapa nyumbani tulimshukuru Mungu, ila chini umeandika jasho langu, akili yangu, hakuna aliyenishika mkono. Hakuna? Nikasoma nikanyamaza. Alafu nasikia ulienda Geita kikazi, ukavuka daraja la Kigongo-Busisi, ukapita Sengerema mchana kweupe na hukusimama kwa baba yako mdogo, yule yule aliyeuza ng'ombe ukaenda chuo. Alinipigia, wala hakulalamika, kaniuliza tu kama gari linakunywa sana mafuta.

Zamani pale Kigongo ilikuwa lazima usubiri kivuko, na kabla ya kupanda utasikia mtu anaomba. Tangu daraja lifunguliwe mwaka 2025 ni kilomita kama 3 za kuteleza tu, hata amina husikii. Daraja nalipenda jamani, ile foleni ya kivuko nimeikaa sana.

Sasa soma Luka 5, we mtoto wa ziwani utaielewa kuliko hao wenzako wa Dar. Petro kakesha hajapata kitu, asubuhi yuko ufukweni na wenzake wanaosha nyavu. Wanaosha! Usiku mzima hakuna samaki lakini nyavu zinaoshwa maana kesho kuna kazi. Hapo unyenyekevu haukuwa na shida, mtu aliyekosa samaki ananyenyekea mwenyewe hata kama hajaokoka. Yesu akamwambia shusha tena, Petro akasema kwa neno lako nitazishusha, zikajaa mpaka zikaanza kukatika, na ni hapo sasa, samaki wamejaa chomboni, ndo anaanguka magotini kwa Yesu anasema mimi ni mtu mwenye dhambi. We ungepiga picha.

Na kuna kitu wahubiri wengi wanakiruka wakishafika kwenye samaki. Petro aliwapungia mkono wenzake wa chombo cha pili waje wamsaidie, wakajaza vyombo vyote viwili hadi vikataka kuzama. Yani siyo dhoruba, ni baraka yenyewe ndo ilitaka kuwazamisha! Angekuwa peke yake kama unavyojisema wewe, si angeenda chini na samaki wake?

Sikuambii usifanye kazi. Wapo siku hizi wanaofundisha ukimtegemea Mungu kaa tu utaletewa, huo ni uvivu umevaa suti. Vijana wa dagaa mchana wanachaji taa za sola, wanashona nyavu, mbalamwezi ikiwaka wanapumzika sababu dagaa hawaifuati taa vizuri, giza likirudi wanaingia ziwani. Wanafanya yote hayo na bado dagaa waje wasije wao hawaamui.

Alafu hii ya mwakani nyumba, mwaka unaofuata kampuni. Panga baba, kupanga siyo dhambi, ila Yakobo sura ya 4 anasema tuseme Bwana akipenda. Sisi tuliokuwepo Mei 21, 1996 hilo neno hatulisemi kwa mazoea. Meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imeshakaribia kabisa Mwanza, ndugu wanasubiri wageni wao. Sisemi waliokufa walikuwa na kiburi, Mungu apishe mbali, walikuwa watu kama sisi tu, wengine wamezikwa pale Igoma. Walikuwa na mipango yao ya wiki ile kama wewe ulivyo na ya kwako.

Sasa status sikulazimishi ufute, hiyo utaamua mwenyewe. Jumamosi mpigie baba yako mdogo, siyo meseji, piga, umpe shikamoo yake kabla hujaanza kujieleza ulikuwa bize. Na Pasaka ukija usiishie hapa Mwanza, nenda na gari hilo hilo mpaka Sengerema umpeleke kanisani, miguu inamsumbua siku hizi na bodaboda anaziogopa. Mafuta ntachangia, dagaa wakikauka.

Mama